Doti Juu ya Bati Jekundu

Kwenye ukoo wao kila mtu alikuwa na kazi inayoelezeka. Mmoja nesi, mmoja fundi bomba, mwingine anauza vipuri vya pikipiki, na hata yule binamu asiyekuwa na kazi, kukosa kwake kazi kulieleweka vizuri kabisa. Ila huyu mmoja, mtoto wa marehemu kaka yao mkubwa, ukimuuliza anafanya nini huko Idara ya Afya ya Mji alianza, "Tunachukua data za mahali, halafu tunazipandisha kwenye ramani ya mtandaoni..." na kabla hajamaliza sentensi watu walishaanza kuombana chumvi. Wakambatiza Setilaiti. Jina likamganda. Hata shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, alipompigia simu alianza, "Setilaiti wangu, umekula?"

Kazi yenyewe wala si ya ajabu. Wahudumu wa afya wa mitaani wanapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao. Wakifika kwa mgonjwa wanabonyeza kitufe, na kishikwambi kinaandika namba mbili zinazosema wamesimama wapi hapa duniani. Namba hizo zinamfikia Setilaiti, yeye anazimwaga kwenye ramani, na kila mahali panageuka doti. Jina hakuna, umri hakuna, ni doti tu juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Safari hii zilikuwa doti nyekundu za watu walio kwenye matibabu ya kifua kikuu, ili idara ijue mtaa gani uongezewe wahudumu.

Sasa, doti zina tabia mbaya. Mhudumu akisimama karibu na ukuta mrefu, namba zinayumba, na doti inaangukia barabarani, au mtaroni, au katikati ya uwanja wa mpira kana kwamba mgonjwa analala golini. Wengine hawajali. Setilaiti jambo hilo lilimkera kama mchanga kwenye wali. Akakaa akaiandikia kompyuta amri yake mwenyewe: kila doti inayoelea ivutwe mpaka kwenye paa la nyumba iliyo karibu, na ile itakayosogezwa kwa mkono ikaachwa nje ya paa igeuke kijivu na kupiga kelele mpaka irekebishwe. Kwenye ramani yake hakuna mgonjwa aliyelala mtaroni. Kila mmoja alikuwa na paa juu yake, safi, katikati kabisa ya bati.

"Kaka," dada wa dawati la pili, aliyefanya naye kazi tangu waajiriwe, alimwambia, "hawa ni wagonjwa, si visima. Kwa nini tusipake rangi mtaa mzima? Penye wengi rangi ikolee, penye wachache ififie, basi. Doti za nini?"

"Dada yangu, rangi ni ya kupakia kuta. Ramani ni doti."

"Na mtu akiitazama akaijua nyumba?"

"Ataijuaje? Kuna jina humo? Nionyeshe jina hata moja."

Dada yule alifyonza, akageukia kompyuta yake. Alikuwa ameshamzoea, kumwambia Setilaiti kitu alichokwisha kukiamua ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ramani ilipokamilika, mkuu wa idara alitaka aifungue kwenye simu yake bila kuhangaika na nywila. Setilaiti akaiachia wazi, yeyote mwenye linki aweze kuiona, kwa muda tu. Mkuu akaivuta huku na huku kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kijana," akasema, "hii sasa ndiyo kazi."

Mtu akisifiwa na mkuu wake si anatulia? Anashukuru Mungu, anakunywa chai yake, anaendelea na mengine. Setilaiti hakutulia. Miaka yote ile ya kuombewa chumvi katikati ya sentensi ilimpanda kichwani kwa mkupuo. Akafungua grupu la ukoo, akabandika linki, akaandika: "Mnaoniulizaga kila siku nafanya nini, hii hapa. Kila doti mnayoiona imepita mikononi mwangu. Vuteni kwa vidole, muone mpaka mabati."

Vuteni kwa vidole. Yeye mwenyewe aliyasema, hakuna aliyemtuma.

Wakamwagika na makofi. Baba mdogo akaandika, "Leo ndiyo nimeelewa, kumbe wewe ndiye unayetuchungulia tukioga." Fundi bomba akauliza kama inaonyesha na mabomba yaliyopasuka. Setilaiti alikuwa anacheka peke yake kwenye kiti, kijiko kikiwa hewani, chakula cha mchana kimepoa, na hakujali. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanazungumzia kazi yake bila kuhama kwenda kwenye habari nyingine.

Kisha akaingia shemeji yake, mke wa binamu, mwanamke mwenye jicho ambalo halijawahi kupitwa na kitu. Akatuma picha ya skrini. Alikuwa amevuta mpaka mwisho: bati jekundu, tangi la bluu pembeni, magodoro madogo yameanikwa kwenye uzio. Katikati ya bati, doti.

"Jamani, hapa si kwa Shangazi?" aliandika. "Na juu ya hii ramani si wameandika wagonjwa wa kifua kikuu? Au mimi ndiye nasoma vibaya?"

Halafu mtu akaandika, "Mungu wangu." Na yule binamu asiye na kazi, ambaye siku zote ana muda wa kukumbuka mambo ya watu, akaongeza, "Ndiyo maana kule nyuma alifunga kutunza watoto, eti anapaka rangi chumba."

Setilaiti aliirukia kompyuta. Labda ile amri yake ndiyo iliyokosea, aliwaza, labda doti ilikuwa inaelea huko njiani ikavutwa kwa makosa. Akafungua namba zenyewe kama zilivyoletwa na mhudumu. Hazikuwa za njiani, amri iliivuta doti hatua chache tu. Ziliangukia uani kwa shangazi yake, kati ya tangi na mlango wa jikoni, pale pale alipojifunzia kutembea. Shangazi yake alikuwa mgonjwa, na yeye aliyelelewa mgongoni mwake alikuwa amelijua hilo dakika moja na shemeji, kwenye grupu, kutoka kwenye ramani yake mwenyewe.

Akaufuta ujumbe. Ndiyo kwanza akawasha moto, maana wasiokuwa wameuona wakaanza kuuliza kafuta nini, na waliouona wakawatumia. Kufika alasiri picha ya bati jekundu ilishatoka kwenye ukoo ikaingia kwenye grupu la kina mama wa mtaa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga mwenyewe huku anacheka.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Njia nzima uso ulikuwa unamwaka moto, akihisi kila anayepishana naye anajua.

Inafaa ujue Shangazi alikuwa anaishi kwa kazi gani. Asubuhi kina mama wa mtaa walimwachia watoto wao wadogo wakaenda kazini, na jioni waliwachukua wakiwa wameshiba, wameoga, na wamefundishwa kuamkia watu. Sebule yake nzima ilikuwa ya watoto: magodoro, vikombe vya plastiki kila kimoja na rangi yake, herufi kubwa ukutani. Hakuwa na mume, hakuwahi kuzaa. Watu walimwamini na watoto wao, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa chakula chake na heshima yake pia. Ikiondoka hiyo, hana kingine.

Setilaiti alimkuta amesimama mlangoni na mama mmoja aliyekuwa anakusanya kila kitu cha mwanawe: kikombe, shuka, hadi kandambili iliyokatika.

"Tunasafiri, Shangazi," mama yule alikuwa anasema, macho yake yakiwa kwenye sakafu.

"Na wewe unasafiri? Leo mji mzima unasafiri. Haya, wasalimieni huko mwendako."

Mama akaondoka mbiombio. Shangazi akaufunga mlango taratibu, akaketi kwenye kigoda cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Mwanamke yule mkubwa, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya mtaa, siku ile alionekana mdogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni kweli. Kilinishika. Daktari akaniambia nisikae na watoto mpaka dawa zifanye kazi, nikafunga. Niliwaambia wazazi napaka rangi chumba, na nikapaka kweli, maana uongo siupendi. Daktari alipopima akasema sasa siwezi kumwambukiza mtu, ndipo nikawafungulia. Sikumhatarisha mtoto wa mtu hata siku moja, Mungu ananiona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili uje ulale hapo mlangoni kama mbwa, kazi uache? Nakujua." Akajaribu kucheka, akaishia kufuta pua kwa upindo wa khanga. "Kinachoniuma si ugonjwa, mwanangu, ugonjwa unapona. Kinachoniuma ni aliyeniuza. Najua ni nani. Ni yule binti wa kishikwambi. Nilimkaribisha, nikampa na kiti, kumbe namkaribisha nyoka. Kesho nakwenda kwa wakubwa wake, afukuzwe kazi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuhitajika hotuba, neno moja tu lingetosha. Setilaiti alilitafuta, akalipata, akalimeza. Aliona jinsi Shangazi atakavyomtazama akilisikia. Akasema, "Usimfukuzishe kazi, Shangazi. Huenda si yeye."

"Wewe una roho nzuri mno," Shangazi alimwambia, akamshika mkono. "Umeitoa kwa baba yako."

Loh! Heri angemzaba kibao. Alikaa pale akashikwa mkono, akasifiwa roho nzuri. Alipopewa chakula alikila chote, ili tu mdomo uwe na kazi.

Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini. Jambo la kufanya lilikuwa wazi hata kwa asiye na akili: aifunge ramani, aende kwa mkuu, aseme. Lakini mwenye hatia hana akili ya kawaida, ana ya kwake. Alijiambia akiifunga ramani ghafla, watu watasema, mmeona, ni kweli, ndiyo maana wameificha. Lakini je, doti ikiwa haipo pale? Shemeji akiivuta tena akakuta bati jekundu tupu? Si atajiona yeye ndiye aliyesoma vibaya? Picha ya skrini itakuwa upuuzi, wazazi watarudi, Shangazi atapumua. Na hakuna atakayehitaji kujua chochote, hata mkuu.

Akaikamata ile doti, akaivuta kando, akaiachia kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba. Doti ikageuka kijivu. Kompyuta ikapiga kelele: doti hii haiko juu ya paa.

Amri yake mwenyewe. Mchimba kisima, kaingia mwenyewe. Na asingeweza kuitoa ile amri, maana dada wa dawati la pili angeiona imetoka na angeuliza. Wala asingeweza kuifuta doti yenyewe, hesabu ya wagonjwa ingepungua. Doti ilitaka paa. Akaanza kuzunguka nayo juu ya mtaa aliokulia, bati kwa bati, na yote aliyajua. Hapa mjane mwenye watoto wengi, hapana. Hapa yule mama wa mboga, akisingiziwa hivi nani atanunua kwake, hapana. Hapa bati lenye viraka, nyumba ya ukuta kwa ukuta na kwa Shangazi, kwa fundi cherehani.

Fundi alikuwa mtu wa utani. Kuna mteja alishawahi kumletea suruali ipunguzwe kiuno akamwambia, "Suruali haina kosa, punguza ugali." Aliishi peke yake, hana mke wa kumsema, hana watoto wa kukosa wachumba. Huyu atacheka tu, Setilaiti alijiambia. Huyu hata hatajua. Akaiachia doti. Ikabaki nyekundu, safi, katikati kabisa ya bati, na kompyuta ikanyamaza.

Na mpango ulifanya kazi, hilo ndilo baya. Mchana ule ule shemeji aliandika kwenye grupu: "Samahani jamani, jana niliona vibaya, nimeangalia tena, kumbe si kwa Shangazi. Ni pale kwa fundi cherehani." Baba mdogo akamkemea kwa kumchafua mtu. Kina mama walianza kurudi, mmoja na kikombe, mwingine na shuka, wakisema safari imeahirishwa. Shangazi akawapokea. Jioni ile Setilaiti alilala usingizi wa mtoto, akaamka akijiona mtu mwenye busara.

Lakini fundi cherehani alikuwa na kikohozi. Alikuwa nacho tangu Setilaiti akiwa mtoto, kikohozi cha mavumbi ya vitambaa, na miaka yote mtaa ulikizoea kama unavyozoea kelele za cherehani yenyewe. Sasa kila mtu akakikumbuka. Kumbe! Ndiyo maana! Na mimi niliyevaa gauni alilolishona juzi! Waliokuwa wamempelekea sare za shule za watoto wakaanza kuzifuata nusu nusu, mikono bado haijaunganishwa. Wengine hawakuingia hata ndani. Walisimama barabarani, wakamwomba arushe.

Mwanzoni fundi alifanya mzaha kama kawaida yake. "Karibuni, karibuni, leo nauza na vifua," aliwaambia. Wakamwonyesha simu. Akaitazama ile picha ya paa lake, akasema, "Hii mashine imekosea. Mashine hazina macho." Alikwenda kupima, akapewa karatasi kwamba mapafu yake ni mazima, akaibandika mlangoni. Watu wakasema karatasi ya kununua. Baada ya hapo hakutania tena. Alikaa nyuma ya cherehani yake bila kitambaa, akawa anapangusa mafuta mahali pasipo na mafuta.

Setilaiti alipita pale kila alipokwenda kwa shangazi yake. Fundi alimsalimu, naye aliitikia akiwa anatazama viatu. Baada ya muda akaanza kupita njia ya nyuma.

Siku moja ya mapumziko yake kazini Shangazi akampigia simu aje. Hakusema Setilaiti wangu, hakuuliza kama amekula. Alimkuta amevaa gauni lake la kutokea na kilemba, amekaa kwenye kiti cha watu wazima, watoto wakicheza pembeni. Kwenye meza palikuwa na simu ya kupapasa ya mama mmojawapo, aliyemwazima, maana yeye alikuwa na kitochi tu. Ramani ilikuwa wazi.

"Kaa," alimwambia. "Nataka unifundishe. Hivi doti huwa inatembea?"

"Inatembeaje, Shangazi?"

"Yule binti alisimama pale uani kwangu, nilimwona kwa macho yangu haya, akabonyeza. Watu wakaniona mimi, na walikuwa sahihi. Kesho yake iko kwa fundi. Mimi sikusoma sana, lakini najua ugonjwa wangu uko wapi, mwanangu. Uko hapa kifuani, haujahamia kwa jirani. Sasa nani kaupeleka?"

"Huenda ni mashine... kuna wakati inakosea..."

Shangazi alimtazama. Hakupandisha sauti. Alimtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani akirudi kutoka dukani na mdomo wenye sukari, ila safari hii hapakuwa na kicheko nyuma yake.

"Na ile ya kwanza? Iliyowafikia mpaka kina shemeji yako. Na yenyewe ni mashine?"

Machozi yalimlenga. Shangazi aliyaona, akajua.

"Mimi nilimlaani yule binti, nusura nimfukuzishe kazi," alisema. "Nilimlaani hapa hapa, wewe umekaa unanisikiliza."

"Nilitaka kukulinda, Shangazi. Walikuwa wanachukua watoto wote. Ungekula nini?"

"Kwa hiyo umenipa chakula cha fundi." Akainuka, akajifunga khanga kiunoni. "Twende."

"Wapi?"

"Nimesema twende."

Kibanda cha fundi kilikuwa hatua chache tu, lakini Setilaiti aliomba kila moja isifike mwisho. Aliomba ardhi ipasuke. Aliomba fundi awe amefunga. Fundi alikuwa amefungua, na mlangoni walisimama wanawake watatu waliokuja kufuata vitambaa vyao, mmoja wao ni yule mama wa kandambili, mwanawe akiwa ndani kwa Shangazi wakati huo huo, akicheza.

Shangazi hakubisha hodi ya kawaida. "Jirani," alisema kwa ile sauti yake ya kuita watoto, "nimekuja kuchukua mzigo wangu. Mwenye kifua kikuu ni mimi, si wewe. Nakunywa dawa, nazimeza kila siku, daktari amesema siambukizi. Ile doti ilikuwa juu ya paa langu toka mwanzo, na jirani yangu huyu hana hata mafua. Mliosikia, pelekeni habari kama mlivyoipeleka ile ya kwanza."

Mama wa kandambili alirudi nyuma polepole, akageuka, akaanza kwenda nyumbani kwa Shangazi, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Shangazi alimsikia, kila mtu alimsikia. Hakugeuza shingo.

Fundi alisimama nyuma ya cherehani. "Dada," alisema, "ulikuwa na haja gani? Mimi nilishasema ni mashine. Ingepita."

Shangazi hakumtazama mpwa wake, hakumnyooshea kidole, hakumtaja. Alikuwa ameshasema la kwake. La pili alimwachia mwenyewe, na kibandani kikasikika kile kikohozi cha mavumbi, mara moja, kikizuiliwa.

"Si mashine," Setilaiti alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Ni mimi, Fundi. Mimi niliwatumia watu ile ramani. Na nilipoona Shangazi anaharibikiwa, nikaihamisha doti. Nikaileta kwako."

Fundi alivua miwani yake. Wale wanawake wawili waliobaki waliacha kukunja vitambaa. Setilaiti alisubiri matusi, na aliyataka, aliyataka kwa moyo wote, yamwangukie yote hapo hapo mbele za watu yaishe.

"Wakati unaileta," fundi aliuliza polepole, "ulijua ni paa langu?"

Angeweza kusema hapana. Kutoka angani mabati yote yanafanana, nani angembishia? Jibu lilikuwa tayari ulimini, limeshanyooka. Akamtazama shangazi yake, ambaye sebuleni kwake sasa hivi walikuwa wanakusanywa watoto.

"Nilijua," alisema. "Niliyaangalia na mengine kwanza. Nikaona wewe ndiye wa kuumia bila mtu kukulilia."

Fundi alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia na akaielewa. Akazunguka cherehani, akachukua kiti cha wateja, akakipangusa, akamwekea Shangazi. "Kaa, jirani," alimwambia. "Umesimama sana." Shangazi akakaa, na ndipo alipoanza kulia, uso ameuficha ndani ya khanga, na fundi akasimama kando yake na mkono juu ya egemeo la kiti, wakawa watu wawili wa upande mmoja.

Setilaiti alibaki mlangoni. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia aingie.